Sura ya Hopper, na kioo cha kinyozi pale Kibuye

Kwa simu yangu kuna mchoro wa mkaa wa kijana mmoja mzungu na kila anayeuona anauliza swali moja tu, mbona huyu amekasirika hivyo. Kinyozi jirani yangu alisema anakaa mtu ametumiwa M-Pesa halafu ikarudishwa. Mimi huwa najibu hajakasirika, ako kazini, na hapo mazungumzo huisha ju watu hudhani nawapiga chenga. Sasa wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Huyo kijana ni Edward Hopper na mchoro ni wake mwenyewe, alijichora mwaka 1903, mkaa kwa karatasi, sai uko National Portrait Gallery kule Washington. Wengi wenu mnamjua bila kujua mnamjua. Ni yule aliyechora ile hoteli ya usiku yenye kioo kikubwa cha kona, watu watatu wameketi kaunta na jamaa wa kuwahudumia amevaa kofia nyeupe, nje barabara tupu hakuna hata paka, inaitwa Nighthawks na imefanyiwa mzaha kwa intaneti mpaka basi. Lakini hiyo ni 1942. Hapa 1903 bado hakuna anayemjua. Alizaliwa tarehe 22 Julai 1882 mji mdogo unaitwa Nyack, kando ya mto Hudson, juu kidogo ya New York, babake alikuwa na duka la vitambaa na vitu vya nyumba, na wazazi walikuwa wale wazazi sote tunawajua, hawakumkataza kuchora, ila kama ni kuchora basi achore zile za kulipa, za magazeti na matangazo. Ndio maana 1899 alianza na shule ya michoro ya magazeti, mwaka uliofuata akahamia New York School of Art na akakaa hapo mpaka 1906. Kwa hivyo anajichora akiwa na miaka ishirini ama ishirini na moja, yaani rika la mwanafunzi wa mwaka wa pili pale chuo cha Maseno.

Mwalimu aliyemshika sana hapo shuleni ni Robert Henri. Huyu alikuwa anasukuma wanafunzi watoke nje wachore mji venye uko, barabara, baa, watu wakitoka kazini. Darasa moja na Hopper kulikuwa na George Bellows na Rockwell Kent, wote walikuja kuwa majina. Na hapa lazima niingize kitu kando, hata kama hakituhusu sana: huyo Henri jina lake la kuzaliwa ni Robert Henry Cozad, babake alimpiga mtu risasi kule Nebraska mwaka 1882 na yule mtu akafa, familia ikahama na kila mtu akabadilisha jina. Mwalimu wa kufundisha watu wachore ukweli alikuwa anatembea na jina la kujificha. Sijui niwaambie nini, dunia ni ya kuchekesha.

Turudi kwa mchoro. Kitu cha kwanza ni kivuli. Kijana hajajipaka kivuli kidogo cha kupendeza, ameacha giza liingie usoni na likae. Midomo mizito, macho yamenyooka kwako, kola, basi, na hakuna brashi mkononi wala kofia ya kisanii ya kukuambia mimi ni msanii. Mkaa unaona venye umesukumwa na kidole, mahali pengine mistari imeachwa mistari. Na kitu nimekuja kuona baada ya kuukodolea macho sana ni kwamba hachori sura yake, anachora mwanga umeanguka wapi na umekataa kuanguka wapi, halafu sura inatokea yenyewe. Ukijua picha zake za uzeeni unaona hapo hapo kwamba kijana ameshaanza. Mzee Hopper alikuja kusema siku moja kwamba labda yeye si mtu wa mambo ya watu sana, alichotaka ni kuchora mwanga wa jua kwenye ukuta wa nyumba. Basi 1903 ukuta wa kwanza aliokuwa nao ulikuwa uso wake, na ulikuwa wa bure.

Sasa hiyo hasira. Mtu akijichora kwa kioo anafanya kazi ya ajabu kidogo, anaangalia kioo, anashusha macho kwa karatasi, anachora kidogo, anapandisha tena, hivyo hivyo saa nzima ama mbili. Huwezi kutabasamu saa mbili, mashavu yanauma na tabasamu linageuka la uongo kabla hujamaliza mdomo. Na wakati wa kuchora macho yenyewe lazima uyaangalie, yaani jicho linaangalia jicho, na jicho linalopima halina adabu, linakodoa. Ndio unaona kutoka zamani wachoraji wengi wakijichora wanakuangalia vibaya. Wewe hawakuoni kabisa, wanapima umbali wa pua mpaka mdomo.

Kuna na mambo mengine ya kioo ambayo picha ya simu haikupi. Kioo kinakugeuza, mwenye kuchora kwa mkono wa kulia anaonekana wa kushoto, vifungo vya shati vinahamia upande ule mwingine, na mamako akiona atakwambia kuna kitu hakiko sawa hata kama kila kipimo kiko sawa, ju yeye sura yako anaijua ile isiyogeuzwa, wewe ndio unaijua ya kioo. Halafu kuna hii moja, jaribuni leo mkitoka kuoga: kioo kikiwa na mvuke zungushia kichwa chako kwa kidole pale kwa kioo, jicho moja limefungwa, halafu rudi nyuma uangalie huo mviringo. Ni nusu ya kichwa chako. Simama karibu, simama mbali, itakuwa nusu tu, kwa sababu kioo kiko katikati kabisa ya wewe na yule mwenzako wa ndani. Nimewaonyesha watu wazima hii kitu wakakataa mpaka wakaleta rula.

Simu nayo ina uongo wake. Selfi inapigwa mkono umenyooshwa, yaani simu iko karibu sana na uso, na kitu kilicho karibu na lenzi kinaonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma, kwa hivyo pua inafura na masikio yanakimbia. Sisi wachoraji wa oda tunachukua hiyo pua iliyofura tunaikopi vizuri kabisa mpaka matundu ya ngozi, halafu tunaitana mabingwa.

Kwa wale hawajui, kuna kazi hapa Kisumu, na Nakuru na Kakamega pia, ya vijana kuchora sura za watu kwa penseli na mkaa. Kastoma anakutumia picha kwa WhatsApp, unaipigia gridi, unapiga gridi nyingine kwa karatasi, unajaza kiboksi kwa kiboksi mpaka mtu atokee, unafremu, unatuma kwa basi ama anakuja kuchukua. Oda kubwa ni graduesheni, besdei, harusi, na mazishi, mazishi ndio zinalipa na ndio zinauma. Kuna msimu wa Valentine ambapo hulali. Na kuna picha za Baba, yaani Raila Odinga, hizo hapa Kisumu hazina msimu, mtu anazitaka za sebuleni, za ofisini, za kupeleka mahali zikabidhiwe mkubwa fulani mbele ya kamera. Karibu kila kijana anayechora hapa ashawahi kuota anaitwa na mwanasiasa kwa jukwaa anampa fremu. Mimi sijioni mkubwa kwa hiyo kazi, imenilipia rent na imesomesha ndugu yangu mdogo, na mtu akikuambia kukopi picha ni rahisi mpe karatasi aanze na nywele.

Lakini angalia kinachotokea. Picha inafika kama imeshachaguliwa na mtu mwingine, kwa mwanga wa mtu mwingine, na tena imepitia kwa programu ya kulainisha ngozi. Halafu kastoma naye ana yake. Juzi kuna mama wa Kondele alileta picha ya marehemu mumewe, picha nzuri kabisa, mzee ameketi nje ya nyumba ya mabati, jua la jioni linampiga upande, ule upande mwingine umelala kwa kivuli, na kwa paji la uso ana kovu.

"Mwanangu, hili kovu utalitoa?"

"Naweza mama. Lakini alikuwa nalo miaka yote?"

"Alikuwa nalo hata kabla anioe."

"Basi ukiona picha hana kovu hutaona ni mtu mwingine?"

Akanyamaza kidogo akacheka, akasema, "Mwachie. Lakini huo upande wa giza ungʼarishe, watu wa nyumbani watasema nimelipa pesa nikapewa nusu ya mzee."

Nikaungʼarisha, yeye ndiye mwenye mzee. Lakini mjue kwamba ule upande wa giza ndio ulikuwa picha. Hopper hangeugusa.

Basi nikaamua nami nijichore kwa kioo, si picha, kioo. Kwangu kioo ni kile kidogo cha kunyolea ndevu, unaona jicho moja na nusu, kwa hivyo nikaenda kwa kinyozi jirani pale karibu na soko la Kibuye, kwake vioo ni ukuta mzima. Tulielewana nikae kwa kiti cha mwisho saa za mchana kukiwa hakuna watu, kwa malipo kwamba nitamchorea upya ile bodi yake ya mitindo ya nywele ambayo vichwa vyote ni vya wanamuziki wa Marekani wa miaka ya 2000 na vimepauka mpaka havijulikani ni nani. Mwanga ulikuwa unatoka kwa mlango tu, upande mmoja, safi sana. Stima hata ilikuwa imepotea na ilisaidia.

Mkaa nilitengeneza mwenyewe, hii niwaambie ju watu wananiuliza bei ya penseli za mkaa za dukani. Mkaa wa kuchorea si ule wa jiko, wa jiko ni mgumu na una mchanga, unakwaruza karatasi. Ule wa wachoraji, na nadhani ndio mtu angetumia shuleni kwa kina Henri, ni vijiti vyembamba vya mti laini, kule kwao ni mti wa willow ama mzabibu, vinachomwa bila hewa ndio visigeuke jivu. Hapa chukua mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, panga vijiti vilivyokauka vya mti wowote usio mgumu, umenya maganda, toboa tundu dogo moja kwa kifuniko, weka kwa jiko lenye moto wa kweli. Moshi utatoka kwa tundu, ukikoma toa mkebe, na usifungue mpaka upoe kabisa, ukifungua ungali moto hewa inaingia na vijiti vinaanza kuwaka hapo hapo. Kufuta unatumia mkate, ule wa ndani, mweupe, bila blubandi, unaufinya unakuwa raba, wazee wa Ulaya walifuta hivyo miaka mingi kabla ya raba kuvumbuliwa. Kazi ikiisha unapuliza hearisprei kwa mbali ndio isifutike, hiyo tayari mnajua, saluni zote za Kisumu zimeshauzia wasanii.

Nikachora. Sitawaambia ilitoka vizuri ama vibaya, nitawaambia tu venye ilikuwa tofauti. Kwa gridi huwa sifikirii, nahamisha tu kiboksi. Kwa kioo kila nikishusha kichwa na kukipandisha sura imehama, bega limeshuka, mwanga wa mlango umesonga kwa sababu jua halingoji, mtu amepita nje kivuli chake kimenipitia usoni. Lazima uamue. Unachagua hiki kivuli nakishika, kile nakiacha kiende. Na hizo zote zinabaki kwa karatasi, ndio mchoro wa kioo hata ukiwa na makosa unakaa na muda ndani yake, saa nzima imelaliana mahali pamoja, na picha ya simu ina kitu sijui ni sehemu gani ya sekunde. Nikimwangalia yule kijana wa 1903 sasa najua alihama mara ngapi. Yaani sijui, lakini mnaelewa.

Kinyozi akaja akasimama nyuma yangu. "Omera, huyu ni wewe ukiulizwa deni?" Nikamwambia ni mimi nikipima pua. Kastoma wake mmoja akasema nimejifanya mweusi sana. Hayo ndio maoni ya wataalamu.

Sasa kitu kinachonikamata zaidi kwa ule mchoro ni kwamba kijana hajui kinachomngoja. Alimaliza shule 1906, akaenda Ulaya mara tatu kati ya hapo na 1910, Paris zaidi, akarudi New York akaingia kwa kazi ya matangazo na michoro ya majarida, ya hoteli, ya biashara, ya kampuni ya kukarabati meli, na aliichukia waziwazi. Mwaka 1913 kulikuwa na maonyesho makubwa New York, yale ya Armory, akauza picha yake ya kwanza kabisa, Sailing, mashua ya tanga, dola 250. Ungefikiri mlango umefunguka. Hakuuza picha nyingine ya rangi kwa miaka kumi. Miaka kumi! Na ile Sailing yenyewe, walipoichunguza baadaye walikuta chini ya rangi kuna sura yake. Turubai lilikuwa na picha amejichora, akaona heri alitumie tena, akapaka bahari juu ya uso wake, na hiyo ndio mtu akanunua.

Nilipojua hiyo maneno nilienda ufuo wa Dunga nikakaa nikiangalia mashua zile za wavuvi, zimepakwa rangi na majina ubavuni, nikawa nauliza chini ya hizo rangi kuna rangi ngapi. Kila msimu wanapaka upya. Hakuna sura hapo chini, najua, lakini umaskini wa kutumia kitu mara mbili naujua vizuri sana, niko na fremu hapa imeshabeba watu watatu waliokataa kulipa balansi.

Kilichomtoa ni mwanamke. Josephine Nivison, Jo, mchoraji pia, walikuwa wamesoma shule moja na wakakutana tena Gloucester, Massachusetts, mwaka 1923. Yeye alikuwa amealikwa kuonyesha kazi Brooklyn Museum, akawaambia wamwangalie na Hopper, wakamwangalia, wakanunua ya Hopper moja kwa dola 100 na yeye Jo wakampita. 1924 wakaoana, mwaka huo huo Hopper akapata maonyesho kwa galari ya Rehn, kila picha ikanunuliwa, na ndio akaacha matangazo. Alikuwa na miaka 42. Vijana wa huku mnaoniandikia inboksi kwamba mko na ishirini na tatu na mmechelewa, hebu tulieni.

Halafu kati ya 1925 na 1930 akajichora tena, sasa kwa rangi, hiyo iko makumbusho ya Whitney kule New York. Na huyu ni mtu mwingine. Amevaa koti, tai, shati la bluu, na kofia, ndani ya nyumba na kofia! Nyuma yake ukuta na mlango. Anakaa mtu anaondoka ama ndio ameingia na hana mpango wa kuketi. Bado hakuna brashi, bado hakuna kitu cha kusema mimi ni msanii, ungemkuta kwa basi la Kampala ungedhani ni mhasibu. Ni picha nzuri sana na watu wa vitabu wanaipenda, mimi naiheshimu, lakini nikiambiwa nichague moja nitaenda na mkaa. Huyu wa kofia ameshajua atatazamwa. Amejitayarisha. Kofia ile inasema hapa msiguse. Kijana wa 1903 alikuwa anatafuta tu mfano wa kuchora na mfano uliokuwepo na usiodai pesa ulikuwa yeye.

Na hakuacha kioo, hilo ndilo nilitaka mlijue. Ile Nighthawks, Jo aliandika kwa barua kwamba wale wanaume wawili wa kaunta Hopper alijifanyia mfano mwenyewe kwa kioo, na yule dada wa nguo nyekundu ni Jo. Yaani ile picha watu huiita ya upweke, ya wageni wasiojuana, ni bwana na bibi yake kwa studio, mzee anageuka geuka mbele ya kioo akiwa amevaa kofia, mama amekaa pale akiwa mfano na akiweka hesabu. Hesabu kabisa: Jo alikuwa na madaftari ya kuandika kila picha, rangi gani, imeenda wapi, bei gani, na Hopper alikuwa anachora kwa kalamu mchoro mdogo wa hiyo picha pale kwa ukurasa. Nighthawks ilienda Art Institute of Chicago hiyo 1942 kwa dola 3,000. Wasanii wa oda, mnasikia? Daftari. Mimi hesabu zangu ziko kwa WhatsApp nimejitumia mwenyewe na nikipoteza simu nimepoteza madeni yote.

Jo simwachi hivi hivi. Alikuwa mfano wa karibu wanawake wote wa picha zake baada ya ndoa, hata wale wasiofanana, na kila mmoja kwao alikuwa anapigania nafasi yake ya kuchora kwa ile nyumba ya Washington Square, ngazi sabini na kitu kupanda, makaa ya kupasha nyumba joto mzee anabeba mgongoni mpaka uzeeni. Hopper alifia hapo hapo Mei 1967, Jo akamfuata Machi 1968, na zaidi ya kazi elfu mbili zikaenda Whitney. Za Jo mwenyewe hazikutunzwa venye zilitunzwa za bwana. Picha ya mwisho Hopper aliyochora, Two Comedians, ni wawili wamevaa nguo nyeupe za maigizo, wako kwa jukwaa wanainamia watu wakiaga, na kila mtu anajua ni nani hao. Angalau hapo alimweka kando yake.

Kuna na mchoro mwingine wa 1945, amejichora tena kwa karatasi, akiwa mzee wa sitini na kitu, kipara kimeshika, ile midomo ya kijana ndio ile ile. Ukiuweka kando ya ule wa 1903 unaona miaka arobaini imefanya nini kwa paji la uso na haijafanya chochote kwa macho. Bado anapima. Anakodoa vile vile.

Basi hiki ndicho nimeamua, na wale wa oda mskize. Kuanzia mwezi ujao oda za picha za simu zinaendelea kawaida, bei ile ile, ngozi inalainishwa, giza linangʼarishwa, mnajua. Lakini nafungua na oda za kukaa. Unakuja Kibuye, unakaa kwa kiti cha kinyozi, mlango ukiwa wazi, kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, mchana ndio mwanga uko sawa, na unaweza kuongea ila usigeuke sana. Nachora kwa mkaa, karatasi kubwa, hakuna kufuta kovu na hakuna kuomba upande wa giza uwashwe. Bei ni nusu ya ile ya simu. Wengi wameshaniuliza kwa nini nusu na kazi ni ngumu zaidi, jibu ni kwamba mimi ndio nasoma na wewe ndio kitabu, na mtu halipwi sawa akiwa bado shuleni. Mtoto wa chini ya miaka kumi sichukui, hatulii. Na kunyoa kuko kando, hiyo lipaneni na mwenye duka.